Katika filamu za vita hakuna anayebeba godoro

UVIRA. Kuna neno linalorudiwa sana siku hizi kwenye avenyu za Mulongwe, kwenye foleni za maji, na hata nje ya makanisa baada ya ibada: "Inchi iko katika vita, na nyinyi muko munaongea sinema?" Linatoka kwa watu wazima wenye heshima zao, na karibu kila mara linamwangukia kijana aliyeketi juu ya bidoni tupu, akibishana na wenzake kama Rambo angemweza Commando.

Ndugu wasikilizaji wa Uvira, Kiliba, Sange na Makobola, na nyinyi mulioko ng'ambo ya Rusizi chini ya shitingi, neno hilo si la haki.

Wanaolisema wenyewe hawalifuati. Mzee yule yule anayefukuza vijana wa sinema saa kumi ya jioni, Jumanne usiku utamkuta mstari wa mbele kwa jirani mwenye sola, akiangalia Ligi ya Mabingwa. Atabishana mpaka saa sita juu ya penalti ya Madrid, mji ambao hajawahi hata kukanyaga, na hapo vita havimzuii. Mama anayesema filamu ni upumbavu anajua majina ya wake wote na wajakazi wote wa mchezo wa televisheni wa kila jioni, na umeme wa SNEL ukikatika katikati, laana zake zinafika ziwani. Basi kuangalia hakuna anayekukataa. Kinachokatazwa ni kijana asiye na kitu kuwa na maoni juu ya alichokiona.

Na hapo ndipo penye uzito. Mtu aliyekimbia vita anahesabiwa, anaandikwa kwenye daftari, anapigwa picha, anaambiwa asimame hapa, arudi kesho, alete jetoni. Siku nzima anapokea maamuzi ya wengine. Mbele ya filamu peke yake ndipo anapokuwa hakimu. Anasema: huyu anadanganya, huyu anajua kuigiza, hii haiwezekani. Kumnyamazisha hata pale ni kumpokonya kiti cha mwisho alichobaki nacho.

Tena mara nyingi anasema ukweli. Chukua kijana mmoja wa Kavimvira, mwenye kimeza cha kuchaji simu na kuingiza filamu kwenye flashi. Alishuka na mama yake kutoka milimani, wakaacha shamba la mihogo na nyumba ya mabati kumi na nane, ambayo bado anaihesabu bati kwa bati. Ameangalia filamu nyingi kuliko wengi wa mji huu, na kila mteja anayengoja simu ijae lazima asikie hukumu zake. Commando, ile ya Arnold Schwarzenegger ya 1985, anaipenda tangu utoto. Lakini sasa anaicheka. "Papa, huyu mtu anaua jeshi zima peke yake, na hajatafuta hata maji ya kunywa." Halafu anatoa hukumu yake kubwa, ambayo wateja wameisikia mpaka wanaimaliza pamoja naye: "Angalia vizuri. Katika hizi filamu zote za vita, hakuna anayebeba godoro."

Fikirini juu ya hilo kabla ya kucheka. Februari 2025, Bukavu ilipoanguka na hofu ikashuka barabara ya Kamanyola na Luvungi mpaka hapa, watu walikimbia na nini? Desemba 2025, vita vilipoingia Uvira yenyewe na makumi ya maelfu wakavuka Burundi, walikuwa na nini kichwani? Magodoro yaliyokunjwa na kufungwa kamba. Sufuria, bidoni ya njano, mtoto mgongoni, kuku aliyefungwa miguu, na begi la karatasi za shule kwa sababu mtoto bila buletini haandikishwi popote. Mwenye kukimbia anafikiria usiku utamkuta wapi, atalala juu ya nini. Hollywood imepiga vita kwa miaka mia moja na zaidi, ina vifaru, helikopta na moto wa rangi zote, na hilo inalisahau kila mara. Watu wa filamu wanakimbia mikono mitupu, wakipiga kelele, wanapita mbele ya kamera, wanaisha. Hawana shangazi wa kuulizia. Hawarudi kufunga mlango.

Kama ni magodoro, anaongeza kijana huyo, afadhali filamu za Kibongo. Mume anakufa, wakwe wanafika, mjane anafukuzwa, vyombo vyote vinatupwa nje uani. Watu walimcheka sana marehemu Kanumba na vilio vyake virefu, lakini katika sinema za aina ile nyumba ikivunjika unaona kilichokuwa ndani.

Sasa kuna filamu moja ambayo kila mtu wa pwani hii angepaswa kuijua, kwa sababu hadithi yake imetoka katika ziwa hili. Mwaka 1951, John Huston alikuja Kongo na Uganda kupiga The African Queen, na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Bogart alipata Oscar kwa filamu hiyo. Ilitoka katika kitabu cha C. S. Forester cha 1935, na kitabu nacho kilichukua mbegu yake katika mapigano ya kweli ya Vita Kuu ya Kwanza juu ya Tanganyika.

Mapigano hayo yalikuwa hivi. Wajerumani walitawala ziwa kwa meli zao Kingani na Hedwig von Wissmann, na mwaka 1915 wakashusha majini kule Kigoma meli kubwa kuliko zote, Graf von Götzen. Waingereza wakaleta maboti mawili madogo, Mimi na Toutou, kwa bahari mpaka Cape Town, kisha kwa treni, kisha wakayavuta katika misitu na milima ya Katanga kwa matrekta ya mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu, mpaka karibu na mahali mto Lukuga unapotoka ziwani, Kalemie ya leo. Tarehe 26 Desemba 1915 waliikamata Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 walizamisha Hedwig. Na Götzen, Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma Julai 1916 ili isichukuliwe. Ilitolewa chini ya maji mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba.

Filamu inaanza namna gani? Kijiji kinachomwa. Askari wa Kijerumani wanaingia, wanawasha nyumba, wanawakusanya wakaaji na kuwapeleka. Mmisionari Mzungu anapigwa, anaugua, anakufa. Dada yake anaondoka na mwenye boti, na kuanzia hapo ni wao wawili mpaka mwisho: mto, mbu, ruba, mapenzi na bomu. Filamu ni nzuri, hakuna haja ya kuikataa. Bogart akitoka majini na ruba mwilini, nyumba nzima ya video inajikuna. Lakini muonyeshe filamu hii mtu yeyote aliyechomewa nyumba Fizi au katika nyanda za juu za Uvira, na baada ya robo saa atauliza swali ambalo Huston hakuliuliza: wale wa kile kijiji walienda wapi? Walilala wapi usiku ule? Filamu haisemi. Hawarudi tena.

Na jibu, kwa sehemu, liko ndani ya ile meli yenyewe. Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuanguka, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, HCR, liliichukua Liemba kurudisha watu waliokuwa wamekimbilia Tanzania. Ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira katika miezi mitano, na watu zaidi ya 75,000 walirudi nyumbani kwa njia hiyo. Meli ya vita iliyozaa sinema ya Oscar ilitia nanga Kalundu imejaa familia. Wako wakaaji wa Uvira wenye miaka arobaini leo walioshuka humo wakiwa watoto, na kama kuna chombo duniani kilichobeba magodoro, ni kile. Hollywood ilikuwa imeshapita.

Kijana wa kuchaji simu hakufundishwa haya katika shule yoyote ya sinema. Ameuliza tu kama mtu aliyekimbia. Basi nani mjinga, yeye anayeuliza au anayemwambia anyamaze?

Upande wa michezo ya kompyuta hali ni mbaya zaidi, na wazazi wengi hawajui kwa sababu hawaingii mahali watoto wanapocheza. Mwaka 2009 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa Resident Evil 5. Mchezo unafanyika Afrika, katika mahali pa kubuni panapoitwa Kijuju. Mchezaji anaua watu walioingiwa na ugonjwa, na watu hao wanaitwa Majini. Neno la Kiswahili, ndiyo, na lugha wanayopiga nayo kelele wakikuvamia ni Kiswahili vilevile. Kwa mtoto wa Marekani ni makelele ya kutisha tu. Mtoto wa Kasenga anashika maneti na kuua watu wanaomtukana kwa lugha ya mama yake. Vijana wanacheka sana wakicheza, wengine wanawajibu wale majini kwa matusi ya Uvira, makali kuliko yaliyoandikwa na Capcom. Kicheko hicho kina afya. Lakini mtu mzima anayesikia sauti hizo dirishani angefanya vizuri kuingia na kuuliza kwa nini lugha inayosemwa kuanzia Lamu mpaka Kisangani, waliponunua sauti ya shetani, ndiyo iliyoonekana inafaa.

Disney nayo ilimpa simba jina la Simba, nyani jina la Rafiki, nguruwe akaitwa Pumbaa, na maneno mawili ambayo kila mtoto wa pwani anayasema bure, Hakuna Matata, ikayaandikisha Marekani kuwa alama yake ya biashara. Watu wengi walitia sahihi kupinga jambo hilo mwaka 2018. Alama ikabaki.

Na bado si lazima iwe hivyo, hilo ndilo jambo wapenzi wa michezo wanalolijua na wazee hawalijui. Christopher Tin, Mmarekani, alitunga wimbo wa kufungulia mchezo wa Civilization IV wa 2005. Unaitwa Baba Yetu, na maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, yaleyale yanayosaliwa kila asubuhi Kalundu. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata Grammy, wa kwanza kabisa kutoka katika mchezo wa kompyuta. Lugha ni moja. Mmoja amesikia ndani yake sala, mwingine amesikia majini. Kijana anayeweza kukuonyesha tofauti hiyo kwa simu yenye kioo kilichopasuka anastahili kusikilizwa kuliko wahubiri kadhaa.

Watoto wa Jonas Savimbi wa Angola walilichukua jambo la namna hii mpaka mahakamani, kule Nanterre, Ufaransa, mwaka 2016, wakilalamika kwamba Call of Duty: Black Ops II imemchora baba yao kama mnyama wa vita. Walishindwa. Savimbi si mtu wa kuombolezwa na kila mmoja, hilo linajulikana, lakini walionyesha kwamba picha ya mtu katika mchezo inaweza kudaiwa.

Juu ya Wakanda hakuna haja ya kukaa sana. Vijana wa hapa walishamaliza kesi hiyo mwaka uleule Black Panther ilipotoka, 2018: nchi ya Kiafrika yenye madini ambayo dunia nzima inayataka, na imeweza kufunga mlango. Wenye ndugu Misisi au Kamituga kwenye dhahabu wanajua kwa nini iliitwa hadithi ya kubuni.

Sasa tuhuma za upande wa pili, kwa sababu si zote za uongo.

Ni kweli kwamba nyumba nyingi za video zinapokea watoto wa miaka minane usiku wa siku ya shule. Ni kweli kwamba kuna wenye nyumba hizo wanaogeuza flashi baada ya saa nne na kuweka filamu za uchi, huku watoto bado wamelala kwenye benchi la nyuma. Hao hawana utetezi hapa wala popote. Ni kweli pia kwamba wapo wapiganaji katika misitu ya Kivu waliojipa majina ya Rambo. Lakini anayesema filamu ndiyo iliyowapeleka msituni anawasamehe kwa bei rahisi watu wazima waliowapa bunduki. Flashi haijawahi kuandikisha mtoto.

Na kuna jambo la uhai wenyewe. Usiku wa tarehe 2 Julai 2010, gari la mafuta lilipinduka Sange, katikati ya Kombe la Dunia. Mafuta yalimwagika, moto ukawaka, watu zaidi ya 200 walikufa. Siku zilizofuata ilikuwa rahisi kusema walikuwa wanaiba mafuta. Wapo waliochota, ndiyo. Lakini wengi walikufa wakiwa wameketi ndani ya vibanda wakiangalia mpira. Watu wa Sange walikuwa wamefanya kile ambacho dunia nzima ilikuwa inafanya jioni ile, isipokuwa wao walikifanya katika kibanda cha kando ya barabara, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine. Zaidi ya miaka kumi na tano imepita. Ni nyumba ngapi za video kati ya Luvungi na Makobola zenye mlango wa pili? Ngapi zinaweka jenereta na bidoni ya petroli nje? Wakuu wa mitaa wanaokuja kukusanya kodi wanaweza kuangalia hayo mawili bila kuongeza hata karatasi moja. Hiyo ingekuwa kazi ya heshima kuliko kufoka juu ya maadili.

Serikali, kwa upande wake, haijawahi kuona sinema kuwa mchezo. Septemba 2015 Kinshasa ilipiga marufuku filamu ya Thierry Michel juu ya Daktari Mukwege, L'homme qui répare les femmes, kisha mwezi uliofuata ikairuhusu. Katika malalamiko ya serikali kulikuwa na suala la tafsiri: kwamba maneno ya wanawake yalipogeuzwa Kifaransa yalibadilishwa ili kuchafua jeshi. Vizuri. Kama ubishi ulikuwa juu ya tafsiri, mashahidi walikuwa wengi Kivu nzima. Ungeweka skrini katika uwanja wowote wa Uvira, ungewauliza mama wanaosikia lugha hizo: amesema nini? Jioni moja ingetosha. Hakuna aliyefikiria kuwauliza.

Hata hivyo watu wa hapa wanaijua tafsiri kwa miaka mingi. Filamu za Kichina, za Kihindi na za Kimarekani zimeingia masikioni kwa sauti za watafsiri, kuanzia Lufufu wa Dar es Salaam mpaka DJ Afro wa Kenya, wanaoongea juu ya picha, wanaongeza utani, wanampa Jackie Chan mjomba Kariakoo. Wanakosea, wanatia chumvi, na mwenye nyumba ya video anayejua kazi yake anajua pia kwamba umati utamrudisha akiweka mtafsiri mbovu. Hao ni wahakiki, waite jina lingine ukipenda.

Basi na mashirika yasikie. Skrini za mafunzo zinapofika kwenye site za waliokimbia, filamu zinakuwa ni kunawa mikono, kipindupindu, amani kati ya majirani. Hakuna ubaya, kipindupindu hapa si hadithi. Lakini mtu hawezi kufundishwa kila jioni kana kwamba alizaliwa jana. Mwaka 2020 filamu ya Dieudo Hamadi wa Kisangani, En route pour le milliard, ilichaguliwa katika orodha rasmi ya Cannes. Inafuata walemavu wa ile Vita vya Siku Sita vya Juni 2000 wakiteremka mto kwa boti mpaka Kinshasa kudai malipo yao. Humo kuna mvua juu ya mahema ya plastiki, kuna watu wanaogombana juu ya chakula, kuna mizigo. Kijana wa kuchaji simu angepumua. Imeonyeshwa mara ngapi kwenye site za pwani hii?

Redio nazo zisijifiche. Zina saa ya vifo, saa ya matangazo ya kulipwa, saa mbili za mpira. Nusu saa ya filamu kwa wiki, simu zikiwa wazi, haitaangusha mnara. Waitwe mama wa Kilomoni wanaofuata michezo ya televisheni, waitwe wale wabishi wa Commando, wapigiwe pia wale walioko Burundi, na yule mzee wa Jumanne usiku apewe dakika zake. Na shirika litakalokuja tena na skrini na jenereta, kabla ya kuchagua filamu lipite kwanza kwenye meza za kuchaji simu na kuuliza, na filamu ikiisha lisizime taa za gari na kuondoka. Maikrofoni ipewe watu walioketi chini.